Magauni ya Rula

Jina la Rula alipewa na watu, na hakulikataa. Alikuwa bado msichana anayejifunza kushona, akisimama kando ya mlango wa fundi wake, pale fundi huyo aliposema mbele ya wateja kwamba binti yule akisimama hapo ndipo mtu anapojua mlango umekaa upande. Wateja wakacheka, jina likaganda. Aliolewa nalo, akazaa nalo, akafiwa na mume nalo, na hata alipovuka miaka sitini bado watu walisukuma mlango wa chumba chake cha ushonaji wakiuliza, "Rula yupo?"

Chumba chenyewe kilikuwa chini ya nyumba, mlango wake ukitazama barabara. Kulikuwa na cherehani mbili za kukanyaga, rafu za majora, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, na meza ya kukatia, pana kama kitanda, aliyoitengeneza marehemu mumewe kwa mbao ambazo hazijawahi kuyumba. Juu, baada ya ngazi ya saruji yenye kona moja ya giza, alikaa mwanawe wa pekee, fundi umeme, pamoja na mkewe. Rula alilala kwenye chumba cha mwisho.

Kilichompa sifa hakikuwa magauni ya harusi. Ilikuwa migongo. Mtu umri ukimwenda mgongo hupinda, na nguo ya kununua humwumbua: nyuma hupanda, mbele huburura, na kola hukaa mbali na shingo kama mdomo ulioachwa wazi. Rula alijua dawa yake. Kipande cha nyuma alikiongeza urefu, cha mbele akakipunguza, akatia sponji nyembamba mabegani, akaubana mshono wa kati mahali ambapo jicho la mtazamaji hupenda kutua. Mwanamke aliyeingia kwake amejikunja kama ndoano alitoka akiwa na umbo la mtu. Hakuna aliyesema neno kibiongo mle ndani. Rula alipima, akanyamaza, akakata.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Lakini fundi cherehani hujishonea mwenyewe, na hapo ndipo lilipoingia kosa la Rula.

Miaka mingi kabla ya haya, alivaa gauni lake la kijivu akaona pindo la mbele linamgusa vidole vya mguu. Akalaumu maji ya kufulia. Akalifumua, akaongeza nyuma kidogo, akapunguza mbele. Baadaye gauni jingine likafanya vilevile, akalirekebisha nalo. Rafu ya juu, aliyokuwa akiifikia kwa kunyoosha mkono tu, ikaanza kumtaka apande kigoda, naye akasema aliyeigongomea hakuwa na akili. Mikono yake ilielewa kabla yeye hajakubali kuelewa. Ilichonga sponji, ilibana mshono, ilishusha kola, na kila gauni jipya lilipomaliza kupigwa pasi, kwenye kioo alisimama mwanamke mnyoofu. Hakuona ugonjwa pale. Aliona kitambaa kinachotaka marekebisho, na kitambaa hakijawahi kumshinda.

Aliyefanya naye kazi aliitwa Sindano, mwanamke wa makamo ambaye kazi yake ilikuwa vifungo, pindo na maneno. Siku moja Sindano alimwona akiinama kutoa jora zito chini ya rafu.

"Subiri, dada, nije tushike wawili."

"Wewe shona vifungo vyako. Hili jora nilikuwa nalibeba kabla hujajua kutia uzi."

Akaliinua alivyozoea kuyainua yote: kiuno kimepinda, mikono mbele, kisha akageuka na mzigo wake kuelekea mezani. Katikati ya mgongo kitu kikakatika. Kilikatika kidogo tu, kama uzi unaoumwa kwa meno. Jora likafika mezani, lakini Rula hakunyanyuka nalo. Alibaki amelilalia, shavu limegusa kitambaa, akivuta pumzi nusunusu.

"Kuna nini?"

"Nyama imevutika."

"Nyama gani hiyo inayotoa jasho hivi?"

"Nyama ya mtu mzima. Niache."

Alijikanda kwa maji ya moto, akajifunga kitambaa kiunoni, akarudi kwenye cherehani. Kukaa kulimwuma, kusimama kulimwuma, kucheka aliacha kabisa. Mkwe wake alipomwambia aende hospitali, alijibu kwamba hospitali ni ya watu walioanguka, na yeye hakuanguka. "Mama, mficha maradhi kifo humwumbua," mkwe alisema, na Rula akamwambia aangalie sufuria isiungue. Hatimaye ikaja asubuhi ambayo hakuweza kujigeuza kitandani. Mwanawe akambeba ngazi nzima kama anayebeba kioo.

Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Aliitundika picha kwenye taa, akaitazama kwa muda.

"Mama, ulianguka?"

"Sikuanguka."

"Uligongwa?"

"Niliinua jora la kitambaa."

Mwanawe akaona aibu kwa niaba ya jora. "Daktari, mimi majuzi nimeteleza juu ya ngazi, nimetua kwa makalio kwenye sakafu. Nilichechemea siku chache nikarudi kazini. Sasa mama kainua kitambaa tu."

"Wewe ulianguka na mgongo wa kijana," daktari alisema. "Kati ya pingili moja na nyingine kuna kitu kama mto wenye maji. Ukitua vibaya, mto unakimeza kishindo, misuli inashika, wewe unalia na nyama zako, basi. Umri ukienda, ile mito inakauka na kuwa myembamba. Misuli inasinyaa. Pingili zenyewe zinabaki na matundu ndani, kama mkate mkavu. Na kwa wanawake, damu ya mwezi ikishakoma, uharibifu huo unakwenda mbio zaidi. Mfupa wa hivyo hautaki mtu aanguke. Kuinama na mzigo kunautosha. Kujipinda kunautosha. Wengine wamekohoa tu."

Rula aliitazama picha. Pingili moja ilikuwa imebonyea upande wa mbele, nyuma ikabaki na urefu wake. Juu kidogo kulikuwa na nyingine ya namna hiyohiyo. Umbo lile alilitambua papo hapo: mbele fupi, nyuma ndefu. Alilikata kwa mkasi wake maisha yake yote. Kumbe mifupa nayo ilikuwa ikikata, kwa kipimo kilekile, bila kumwuliza.

"Hii ya chini ni mpya," daktari aliendelea. "Hii ya juu siwezi kukwambia ni ya lini. Watu wengi huvunjika pingili wasijue, wakadhani ni uchovu. Ndiyo maana nauliza. Kabla ya hilo jora mgongo wako ulikuwaje? Ulikuwa umeanza kupinda?"

Mwanawe akamtangulia kujibu. "Huyu? Daktari, mtaa mzima unamwita Rula." Alilisema kwa fahari, kama anayeonyesha cheti.

Rula alikuwa amevaa gauni la hospitali, lile la kamba nyuma, lisilo na sponji wala hila. Alijua daktari anauona mgongo wake ulivyopinda. Lakini mwanawe alikuwa amesimama pale, mkono begani mwake, na lile jina lilikuwa bado linaelea chumbani.

"Ulikuwa mnyoofu," alisema.

"Kwa hiyo kupinda huku kote ni kwa muda huu mfupi?"

"Ndiyo."

Daktari aliweka kalamu chini. "Basi naogopa, mama. Nilitaka kukwambia upumzike kidogo, halafu uanze kutembea, urudi kwenye shughuli zako taratibu. Lakini mgongo unaoporomoka kwa kasi hiyo unaweza kubana mishipa ya fahamu, na miguu ikagoma. Utavaa mkanda. Hutapanda ngazi wala kushuka mpaka tukupige kile kipimo kikubwa."

Mashine ya kipimo kikubwa ilikuwa mbovu. Ikitengenezwa, waliambiwa, kuna watu mbele yao, na hakuna aliyeweza kuwaambia wangapi.

Hivyo ndivyo Rula alivyojifunga mwenyewe, kwa neno moja.

Mkanda ulianzia chini ya matiti ukaishia nyongani. Ulikuwa na vipande vigumu mbele na nyuma na kamba za kubana pembeni, na ndani yake mtu hakuweza kuinama hata kuona miguu yake. Alivalishwa asubuhi na mkwe, akavuliwa na mkwe. Dirisha la chumba lilitazama ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ungeweza kuugusa kwa ufagio. Juu kulikuwa na dari yenye doa la maji, na Rula alilitazama mpaka akajua kila ukingo wake. Aliyaishi maisha ya chini kwa sikio: cherehani ya Sindano ikianza, ikisimama, ikianza tena, pasi ikiwekwa kwa kishindo, mlango ukisukumwa na mtu akiuliza lile swali, na jibu asilolisikia.

Mwanawe hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo kuwa magumu. Mtu mbaya unaweza kumpigia kelele. Huyu alimletea redio. Alimtengenezea swichi ya taa kando ya kitanda asilazimike kunyanyuka. Daktari alisema asipite ngazi, yeye akasikia asitoke kitandani, na mama yake alipomkumbusha tofauti, alisema, "Mama, umesikia unachotaka kusikia."

"Nikilala tu miguu itakwisha nguvu."

"Miguu tutaishughulikia baadaye. Kwanza mgongo unyooke."

Neno hilo, unyooke, alilisema kila siku. Alikuwa fundi, kwake kilichopinda hunyooshwa, kikarudi mahali pake.

Sindano alipanda kumwona, akagonga mkanda kwa kidole.

"Umevaa bati?"

"Nimevalishwa."

"Wateja wakiuliza nawaambia Rula yuko gereji."

"Kazi inakwendaje?"

"Vifungo vinakwenda. Kukata ndiyo kuna matatizo. Jana nimemkatia yule mjane wa dukani, akajiangalia kwenye kioo akaniuliza kama nimemshonea yeye au mkokoteni wake." Sindano alikaa ukingoni mwa kitanda, sauti ikashuka. "Dada, kuna kitu. Mwanao alimleta bwana mmoja mle ndani. Fundi wa simu. Wamezunguka, wamepima ukuta, wamegonga rafu. Mimi nilijifanya natafuta kifungo."

Mwanawe aliporudi kutoka kazini, Rula hakumzungusha. "Huyo wa simu anataka nini chumbani kwangu?"

"Chumba kimekaa bure, mama."

"Hakijakaa. Sindano yumo."

"Sindano hawezi kukata, unajua mwenyewe. Atapewa kona. Siku utakayonyooka tutazungumza upya."

"Na nisiponyooka?"

"Utanyooka. Ulikuwa mnyoofu juzijuzi tu hapa. Mtu harudi kule alikotoka?"

Rula alilitazama doa la dari. Aliuona mtego wote, kama mtu anavyouona mshono akigeuza nguo. Maadamu mwanawe anaamini kwamba mama yake alikuwa rula hadi siku ile ya jora, atamlaza akisubiri rula irudi. Na rula haikuwapo. Atasubiri mpaka chumba kiwe cha simu, miguu iwe ya kubebwa, na yeye awe kitu cha kuwekewa redio. Ili atoke alihitaji kusema maneno machache. Aliyapanga kinywani kila jioni mwanawe alipoingia kumjulia hali, na kila jioni aliyameza, kwa sababu mwanawe hupita pale na kumwambia mkewe, "Mama yangu mimi, miaka yote hiyo, hujawahi kumwona ameinama."

Akajaribu njia nyingine. Mchana mmoja, mkwe akiwa anaanika nguo uani, alijivuta kutoka kitandani, akashika ukuta, akafika kwenye ngazi. Alishuka vidato vichache, mguu mmoja baada ya mwingine, mkono umeng'ang'ania ukuta. Mgongo ulimvumilia. Miguu ndiyo iliyomsaliti. Mapaja yalianza kutetemeka kama cherehani yenye mkanda uliolegea, na pale kwenye kona ya giza ikabidi akae. Chini hakuweza kwenda, juu hakuweza kurudi. Alisikia Sindano akiimba peke yake upande wa pili wa ukuta. Hakumwita. Mkwe ndiye aliyemkuta.

"Mama, ungeanguka ningemwambia nini mume wangu?"

"Ungemwambia nilikuwa nakwenda kazini."

"Sicheki, mama."

"Hata mimi sicheki, mwanangu."

Jioni hiyo mwanawe alitafuta kigeti cha mbao walichokuwa wakiwawekea watoto walipoanza kutambaa, watoto ambao sasa wako shule ya bweni. Akakifunga juu ya ngazi, komeo likawa upande wa nje. Alifanya kazi kwa uangalifu, akapiga msasa ubao uliokuwa na vibanzi ili usimchome mama yake.

Rula aliyatazama yote kutoka kitandani, mlango ukiwa wazi.

Asubuhi iliyofuata alisikia nyundo. Si nyundo ya jirani. Ilipiga moja kwa moja chini ya kitanda chake, kwenye ukuta wa rafu. Kikaanguka kitu cha mbao, kikafuatiwa na mlio laini na mzito alioujua kuliko sauti ya ndugu zake: jora likigusa sakafu. Kisha jingine. Kisha sauti ya mwanaume asiyemjua, ikisema ukuta huu ni mzuri, unashika misumari.

"Mkwe wangu," aliita. "Muite mumeo kabla hajaenda kazini. Halafu ufungue kabati. Toa magauni yangu yote, uyalaze hapa kitandani."

Mwanawe aliingia na mkoba wa vifaa begani. "Kuna maumivu?"

"Kaa. Wewe umekulia chini ya meza ya kukatia. Ulijua kusoma nguo kabla hujasoma kitabu. Chukua hilo la kijani. Likunje katikati, bega juu ya bega, mbele juu ya nyuma."

Alilikunja, ingawa uso wake ulionyesha anadhani mama yake ana homa. Pindo la mbele likalala sawasawa juu ya pindo la nyuma.

"Hilo ni la lini?"

"Ulilivaa nilipomaliza shule."

"La kijivu."

Alilikunja la kijivu. Nyuma ikachungulia chini ya mbele, upana wa kidole.

"La zambarau." Upana wa vidole viwili, na alipolishika begani vidole vyake vikaminya kitu laini ndani ya bitana. Akasita. Mkewe alikuwa ameacha kupanga, anatazama.

"Sasa lile la bluu."

Gauni la bluu ndilo alilovaa Rula kwenye harusi yao. Mwanawe aliliweka juu ya godoro, bega juu ya bega, akalinyoosha kwa kiganja kama alivyomwona mama yake akifanya tangu utoto. Kipande cha nyuma kilitokeza kuliko cha mbele kwa karibu kiganja kizima. Kwenye mabega sponji zilivimba kama ngumi.

"Lakini mama," mkwe alisema, "kwenye picha za harusi wewe ndiye uliyesimama wima kuliko watu wote."

"Iliyosimama ni nguo."

Chini nyundo iligonga, ikatulia. Mwanawe alikuwa bado ameshika pindo.

"Kwa daktari ulisema uongo."

"Nilisema uongo."

"Nimekufungia humu kwa uongo wako mwenyewe."

"Ndiyo. Na geti ni lako."

Akakaa kitandani, juu ya magauni. Rula alitegemea amwonee huruma, na alikuwa amejiandaa kuichukia huruma hiyo. Haikuja. Kilichokuja ni hasira. "Miaka yote hiyo mgongo unavunjika, unapanda vigoda, unainua majora, na sisi tunakupiga picha? Hukuona?"

"Niliona nimepinda. Sikujua nimevunjika."

"Na kupinda ulidhani ni nini?"

Rula alifikiri, kwa sababu swali lilikuwa la haki. "Nilidhani ni kitambaa," alisema.

Mwanawe aliondoka. Nyundo iliendelea mpaka jioni. Lakini kesho yake alikwenda hospitali na mfuko wa magauni, na mkwe, aliyefuatana naye, ndiye aliyesimulia baadaye. Daktari aliyakunja moja moja juu ya meza yake, akataka kujua kila moja lilivaliwa lini. Mwanzo alitabasamu. Kisha akaacha kutabasamu. Alisema kwamba kama kupinda ni kwa miaka mingi hivi, basi hofu ile ya miguu kugoma imepungua. Mama atembee, ashuke ngazi akiwa na mtu mbele yake, arudi kazini. Ameze dawa za mifupa, afanye mazoezi atakayopewa, aote jua. Lakini asiinue kitu tena. Asiiname na mzigo, asigeuke na mzigo, na baada ya kila kazi alale chali apumzishe mgongo. "Aliyekwisha kuvunjika pingili," alisema, "yuko karibu zaidi na kuvunjika nyingine kuliko asiyewahi. Na hatanyooka. Msimngoje anyooke."

Mwanawe aliyaleta maneno hayo nyumbani bila kupunguza. Alipofika kwenye "hatanyooka" akajifanya anakohoa. Halafu akatoka, wakasikia bisibisi ikifungua bawaba za geti.

Chumba cha chini kilikuwa kimekatwa tayari. Fundi wa simu alikuwa amekubaliwa, ameshagongomea, ameshatangaza kwa wateja wake. Kumtoa kungekuwa kumwumiza mtu asiye na kosa. Ubao wa kukigawa ulisimama katikati. Upande wa fundi huyo kulikuwa na taa kali na vioo vya simu. Upande wa Rula zilibaki cherehani zote mbili, kioo, rafu chache za chini na meza, na mtu alipita katikati yake kwa ubavu.

Rula alishuka akiwa amevaa gauni la mkwe, la kukaa nalo nyumbani, kwa sababu hakuna gauni lake lililoingia juu ya mkanda. Mwanawe alitangulia, akishuka kinyumenyume, mikono imetanuliwa. Mlangoni jua lilimpiga usoni. Watu wa barabarani walitazama. Wengine walisalimu, wengine walisahau kusalimu kwanza, na mjane wa dukani, mwenye duka upande wa pili wa barabara, alivuka kabisa ili aone vizuri.

"Kumbe na wewe," alisema.

"Na mimi."

"Miaka yote unakificha kibiongo changu, cha kwako nani alikuwa anakificha?"

"Fundi mmoja hivi. Mzuri sana."

Mjane alicheka mpaka akashika mlango. Rula naye alitaka kucheka, mkanda ukamkataza.

Kazi mpya ilikuwa na sura ya ajabu. Alikaa kwenye cherehani kidogo, mgongo ukaanza kuwaka, akanyanyuka. Mahali pa kulala chali ndani ya nusu chumba palikuwa mezani tu. Mwanawe alimlaza juu ya meza ya kukatia, akamwekea mto chini ya magoti kama walivyofundishwa, akaenda kazini. Sindano alikuja na kitambaa na mkasi, akamtazama.

"Dada, hapo ndipo ninapokatia."

"Daktari kasema nilale."

"Hakusema ulale kwenye sketi ya mtu."

Mjane alikuwa amekaa kwenye kigoda, kitambaa kipya mapajani, rangi ya majani mabichi. "Haya, mimi nimekuja na changu. Unipime hukohuko ulipolala au mpaka ushuke?"

"Simama ubavu," Rula alisema, akigeuza shingo kwa kadiri mkanda ulivyomruhusu. Alimtazama kwa muda mrefu, kutoka kisogoni mpaka mahali kola inapoanza kuachana na shingo. Tangu gauni lake la mwisho mjane alikuwa ameshuka tena. "Zamani ulikuwa unafikia rafu ya juu dukani kwako?"

"Nani anazungumzia rafu?"

"Unafikia?"

"Napanda ndoo. Kwani kuna nini?"

"Nenda hospitali wakupige picha ya mgongo. Ukirudi nitakukatia."

Mjane alidhani ni utani. Alipoona si utani, alikunja kitambaa chake polepole. "Mimi nimekuja kushona, sikuja kuugua."

"Hata mimi nilikuwa nashona tu."

"Kuna mafundi wengine barabara hii, Rula."

"Wapo. Lakini usiinue kitu dukani mpaka wakuone."

Mjane akatoka, na alipofika mlangoni alijinyoosha kwa nguvu, kama mtu anayejua anatazamwa. Upande wa pili wa ubao fundi wa simu alikuwa anajaribu milio, mmoja baada ya mwingine.

"Umemfukuza mteja wa miaka," Sindano alisema.

"Atarudi."

"Asiporudi?"

Rula akavuta miguu kidogo upande wa ukuta, taratibu, bila kugeuza kiuno, kama alivyoelekezwa.

"Katia huku chini," alisema. "Huku kwenye miguu kuna nafasi."